Mkia upo, kichwa hakipo

Jumamosi moja nilirudi kutoka msitu wa Kakamega na fremu 214 kwenye kadi ya kamera. Fremu 213 ni matawi, majani, na kitu cha buluu kinachofanana na tone la rangi ya kufulia shati la shule. Moja ina mkia. Umefunguka wote, unyoya kwa unyoya, unaweza kuhesabu. Ila ndege kichwa chake kilishaingia nyuma ya jani.

Kitaalamu anaitwa Elminia longicauda. Mimi humwita kipepea-mkia, na anayetaka kulichukua jina hilo ruhusa anayo. Ni mdogo, sentimita 14 hivi pamoja na mkia, buluu ya anga iliyotoka kunyeshewa, ana kishungi kifupi kichwani. Kutulia hajui. Anashusha mbawa, anageuka kushoto, anageuka kulia, na mkia unafunguka na kufunga kama mtu anayepepea jiko la makaa mabichi. Hapepei kwa maringo. Mkia ule huwashtua wadudu waliojibanza kwenye majani. Mdudu akiruka, kaisha, anadakwa hewani. Kipepeo kwa Kiswahili ni kifaa cha kupepea moto na ni mdudu pia, basi ndege huyu anakamata kipepeo kwa kipepeo.

Wapiga picha wengi humwona kama binamu wa wale ndege wa mkia-pepeo wa mbali, jenasi ya Rhipidura. Si binamu. Hao wako Asia ya kusini, Australia, New Zealand na visiwa vya Pasifiki. Afrika hakuna hata mmoja. Huyu wetu ni wa familia nyingine, Stenostiridae. Kazi moja, koo mbalimbali, kama mafundi wawili wa baiskeli ambao hawajawahi kuonana.

Lakini hao wa mbali ndio walioniteka, usiku, nikitazama picha zao badala ya kulala. Yule wa New Zealand, ambaye Wamaori humwita pīwakawaka, ana gramu nane hivi: vijiko viwili vya sukari. Alipamba noti ya dola moja ya nchi hiyo kuanzia 1967. Ukitembea msituni anakufuata, si kwa mapenzi, ni kwa kuwa miguu yako inawaamsha wadudu. Na kwa mila za Wamaori, akiingia ndani ya nyumba huenda ni habari ya kifo. Niliposoma hilo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Sisi huku tumemtwika bundi mzigo huo, na bundi angalau ana sura ya kuubeba.

Kabla ya kamera, ndege hawa walijulikana Ulaya kwa michoro. Johannes Gerardus Keulemans, Mholanzi aliyeishi London, ndiye aliyechora ndege wa kitabu kikubwa cha Walter Buller kuhusu New Zealand, kilichotoka 1873 na tena 1888. Huko New Zealand hakuwahi kukanyaga. Alikuwa na ngozi zilizokaushwa: ndege amelala chali, pamba ndani, lebo imefungwa mguuni, mkia umekakamaa. Kumfanya ndege huyo aonekane hai kwenye karatasi ilibidi amfungue kwa akili yake mwenyewe. Ukimtazama ngozi tu unakosea hata hesabu: pīwakawaka ana sura mbili, mwenye rangi mchanganyiko na mweusi tii, na zamani walidhaniwa ni spishi mbili. Kumbe wanaoana na kulea pamoja.

Mchoraji simlaumu. Mchoro hausemi uongo kwa sababu haukuapa. Hakuna aliyemwuliza Keulemans, ulikuwepo? Picha ya kamera ndiyo iliyoapa. Ukiniwekea mkia uliofunguka, macho yanayong'aa na nyuma pamefifia kama maziwa, unaniambia ulisimama pale na ndege akafanya hivyo kwa hiari yake. Na hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa lenzi ndefu.

Siku ileile ya fremu 214 tulikuwa upande wa Isecheno, mimi na kiongozi wa msitu, mzee aliyejifunza sauti za ndege kabla sijazaliwa. Mbele yetu alikuwepo mgeni mwenye lenzi ya urefu wa mkono, na spika ndogo kaitundika kwenye tawi. Spika inaimba wimbo wa kipepea-mkia. Ndege halisi akaja mbio, maana kwa masikio yake kuna jirani aliyevamia boma. Akazunguka, mkia wazi, akalia, akazunguka tena. Kamera ikafyatua kama bunduki. Wimbo ukaisha, ukarudiwa. Mara ya sita mzee akasogea, akasema taratibu, "Bosi, zima hiyo. Huyu ana watoto wa kulisha." Mgeni akaomba mara moja tu ya mwisho. Ya mwisho zikawa tatu.

Bila shaka picha zake ni nzuri kuliko zangu zote. Mkia ulifunguka kila mara. Lakini ule haukuwa mkia wa kuwinda. Ulikuwa wa ndege aliyechokozwa, na hakuna atakayeandika hivyo chini ya picha. Ataandika "anacheza". Keulemans alimfungua ndege mfu na hakumdhuru zaidi. Huyu alimfungua aliye hai, na dakika zile zote hakuna kiwavi kilichofika kiotani.

Wenzangu wataniambia nina wivu wa lenzi. Ninao. Msitu ule ni giza hata saa nne asubuhi. Ukitaka kumgandisha ndege huyu unahitaji sehemu moja kwa elfu mbili ya sekunde, na kamera yangu ya mtumba kwa kasi hiyo hutoa weusi mtupu. Hata hivyo zile fremu 213 nimezipitia tena. Kuna moja, ya 88, ambapo mkia ni ukungu wa buluu na mbele ya ukungu kuna nukta ya kahawia ambayo nina hakika ni nondo. Ukungu na nondo: hiyo ndiyo kazi ya mkia, imeonekana kuliko katika mkia wowote mkali niliowahi kuusifu. Mashindano ya picha yangekuwa na nafasi ya fremu kama hii ningeyaheshimu zaidi.

Nilimwonyesha mama ile yenye mkia safi. Alikuwa nje, anapepea jiko kwa kipande cha katoni. Akaishika simu mbali na uso, kama wafanyavyo watu wa rika lake, akaitazama kwa muda.

"Nzuri, baba," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamfungulia ya 88. Akatazama, akatikisa katoni mara mbili juu ya makaa, akatazama tena.

"Huyu anapepea," akasema, akanirudishia simu.