Kilima cha Mawe Si Kipara

Mtu anayepanda barabara ya kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini huyaona mawe kabla ya kuziona nyumba. Ni mawe makubwa ya itale, au graniti kama wanavyosema wajiolojia, yaliyolundikana juu ya vilima vinavyouzunguka mji huu ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mashuhuri kuliko yote ni Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema, na husimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akienda hapo kutafakari zama za vita vyake na Wajerumani. Siku hizi watu hupanda jioni ili kupiga picha za mji. Wachache sana huinama kutazama kinachoota miguuni mwao, na kwa maoni yangu hicho ndicho kinachostahili kutazamwa.

Tatizo la kwanza ni kwamba mimea hiyo haina jina la heshima katika Kiswahili chetu cha ofisini. Huitwa vichaka, magugu, pori, au hata eneo lililo wazi, kana kwamba mahali pasipo na mti mrefu hapana kitu. Nimewahi kukaa katika mkutano wa mtaa ambapo kilima kizima kiliitwa kipara, na ikaamuliwa, bila mtu yeyote kuuliza swali, kwamba lazima kivalishwe miti. Nilinyamaza siku ile, na makala haya ni namna yangu ya kulipa deni la kunyamaza huko.

Graniti huumbika chini sana ardhini, mahali ambapo uji wa mwamba hupoa polepole kwa muda mrefu. Mmomonyoko unapoondoa mzigo uliokuwa juu yake, mwamba hutanuka na kubanduka matabaka kwa matabaka mfano wa maganda ya kitunguu, na hivyo ndivyo tunavyopata migongo ile laini ya mviringo na nyufa zinazoizunguka. Ukichakaa, hutoa mchanga wa chengachenga usio na rutuba nyingi wala uwezo wa kushika maji. Ongeza hapo jua la mchana linalolichoma jiwe hadi lisikanyagike kwa miguu mitupu, na msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kukatika mwezi wa Aprili au Mei. Kwa zaidi ya nusu ya mwaka mmea ulio juu ya mwamba haupati tone la mvua, na udongo ulioushika mara nyingi haufiki kina cha shubiri moja. (Wahenga walioita kipimo hicho na ule mmea mchungu kwa neno lilelile hawakuwa na nia hiyo, lakini ni kweli kwamba mshubiri hutosheka na shubiri moja ya udongo.)

Hata hivyo mimea ipo, tena imejipanga. Wa kwanza kulishika jiwe tupu ni likeni, muungano wa kuvu na mwani, ambao ndio unaoyapa mawe yetu madoa ya kijivu, ya manjano na ya rangi ya kutu. Baada yake huja mimea ya jamii ya ndago, hasa ile ambayo wanabotania huiita Coleochloa, inayofuma mizizi yake kuwa mkeka juu ya mwamba unaoteleza. Ndani ya mkeka huo hunaswa vumbi, majani makavu na mavi ya pimbi, na taratibu hupatikana udongo mahali ambapo hapakuwa na udongo.

Katika mikeka hiyo huota Xerophyta, kichaka kifupi chenye shina lililovikwa mabaki ya majani ya miaka iliyopita, ambacho wakati wa kiangazi mtu yeyote angeapa kwamba kimekufa. Hakijafa. Kimeacha maji yake karibu yote yaondoke na kuivunja klorofili yake, ndiyo maana hakina hata dalili ya ukijani. Kikipata mvua ya kwanza huijenga upya, na baada ya siku chache kimerudi kuwa cha kijani. Huko Zimbabwe, kwenye miamba ya graniti kama hii, kuna kichaka kingine kiitwacho Myrothamnus chenye tabia inayokaribia hiyo, na Washona wamekipa jina la mufandichimuka. Mswahili hahitaji mkalimani kusikia neno kufa ndani ya jina hilo; sehemu iliyobaki inasema kuhusu kuamka. Naiona wivu lugha iliyokitazama kichaka kwa makini kiasi hicho.

Mishubiri, kwa upande wake, hutunza maji ndani ya majani manene na kufungua matundu yake ya hewa usiku, wakati joto limepungua, ili isipoteze unyevu. Kwenye nyufa pana zaidi husimama euforbia zenye matawi kama kinara cha mishumaa na utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni ni balaa. Kuna mitini ambayo mbegu zake hudondoshwa na ndege, nayo huteremsha mizizi juu ya uso wa jiwe hadi iupate udongo ulio mbali chini. Kuna pia mti mmoja wa jamii ya miyombo, Brachystegia microphylla, ambao huonekana kuipenda hasa miteremko ya mawe ambako ndugu zake wa tambarare hawathubutu kwenda.

Jamii hii ya mimea ina faida mbili ambazo hazionekani kwa mtu aliyesimama barabarani. Ya kwanza ni kwamba mawe huizuia mioto ya nyasi inayopita kila kiangazi, hivyo mimea isiyostahimili moto hupata kimbilio juu ya mwamba. Ya pili ni maji. Mvua inayopiga jiwe tupu hushuka kwa kasi yote, ikikutana na mkeka wa ndago na vichaka hupunguza mwendo, na sehemu yake hupenya kwenye nyufa badala ya kuporomoka na mchanga hadi kwenye mitaro ya mji na mto Ruaha Mdogo. Mto huo huingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu huingia bwawa la Mtera, ambako kuna mitambo ya umeme ya megawati 80. Sidai kwamba vichaka vya kilima kimoja ndivyo vinavyowasha taa zetu. Nasema tu kwamba mchanga ukishateremka haurudi juu.

Sasa nirudi kwenye upandaji miti. Nilishiriki zoezi moja, miaka kadhaa iliyopita, kwenye mteremko wa mawe ambao sitautaja. Tulianza kwa kile kilichoitwa kusafisha eneo, yaani tulifyeka vichaka na kung'oa mikeka ya ndago, ambayo hubanduka kirahisi mno, kama zulia, na kuacha jiwe jeupe chini. Kisha tukachimba mashimo, na majembe yakagonga mwamba kabla shimo halijafika magotini. Tukapanda miche ya mikaratusi, tukapiga picha, tukaondoka. Nilirudi mwezi wa Septemba nikakuta vijiti vikavu na, mahali palipokuwa na mikeka, mifereji ya mchanga. Xerophyta tuliyoing'oa hukua polepole sana, na mkeka tulioubandua utahitaji miaka mingi kujifuma tena.

Sipingi miti. Agizo la kila halmashauri kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka lina mantiki yake, na kuna viwanja vya shule, kingo za barabara na mashamba yaliyochoka yanayoisubiri miche hiyo kwa hamu. Ninachopinga ni kuipeleka juu ya mawe kwa sababu tu huko hakuna mwenye shamba wa kubishana naye. Wala sina ugomvi na kina mama wanaoponda kokoto chini ya vilima, maana wanatafuta ada za watoto. Ugomvi wangu ni na sisi tunaopanga, ambao tungeweza kuwatengea jiwe moja la kuchimbwa na kuyaacha mengine, lakini hatujawahi kukaa chini na kuyahesabu.

Wasukuma wa Shinyanga wana desturi ya ngitili, eneo linalofungwa wakati wa masika ili malisho yajiotee yenyewe, na hifadhi ya ardhi iliyoanza huko mwaka 1986 ilisimama juu ya desturi hiyo. Kilima cha mawe kinahitaji jambo la namna hiyo: mbuzi wazuiwe, kuni zisikatwe, moto usiwashwe, na jembe libaki nyumbani. Ugumu ni kwamba kazi ya kuacha haina picha ya kupigwa. Fomu ya taarifa tuliyoijaza siku ile ilikuwa na safu ya miche iliyopandwa, na mimi ningeongeza pembeni yake safu ya vichaka vilivyoachwa.