Mionzi ya wiki 3 au wiki 1 baada ya kutolewa uvimbe wa titi: sisi wa Kusini tuipokeeje?

Huku kwetu Mtwara na Lindi ukimwambia mama mwenye kansa ya titi kwamba uvimbe unaweza kutolewa na titi likabaki, anafurahi, halafu anauliza mionzi inachukua muda gani. Maana titi likibaki kwa kawaida mionzi inafuata, na wengi wetu mionzi tunaifuata hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, zaidi ya kilomita 500 ukitokea Mtwara mjini, na ukitokea Newala au Liwale ongeza na nauli ya kufika barabara kuu.

Miaka mingi utaratibu ulikuwa vipindi 25, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki 5, jumla grei 50 (grei ndo kipimo cha dozi ya mionzi). Kipindi chenyewe dakika chache tu, shida ni kukaa Dar muda wote huo kwa ndugu au chumba cha kupanga, watoto wamebaki na bibi yao, na ikiangukia Oktoba au Novemba korosho anaokota nani? Ndo maana wapo wanaosema bora titi litoke lote nirudi nyumbani, na hapo kiukweli ni nauli na kodi ya chumba ndo vimeamua.

Sasa watu wakisikia wiki 3 wanaanza, aah wamemfupishia dozi kwa sababu hana hela. Hapana. Zamani iliaminika ukigawa dozi vipande vidogo vidogo nyama nzima inapona na kansa inakufa, ila kansa ya titi imeonekana inaumizwa na dozi kubwa ya siku karibu sawa na nyama inayoizunguka, kwa hiyo ukipandisha dozi ya kila siku na ukashusha jumla hujaipa kansa nafuu yoyote. Kanada walifuatilia wanawake 1,234, wengine vipindi 25 wengine 16, na matokeo ya miaka 10 yaliyotoka 2010 yalionyesha kansa kurudi kwenye titi lile lile ni asilimia 6.7 kwa ile ndefu na 6.2 kwa fupi. Uingereza nao walijaribu grei 40 kwa vipindi 15, ndo hiyo ya wiki 3, wakafuatilia miaka 10, na madhara mengine kwenye titi yakawa machache zaidi. Mwaka 2020 wakatoa utafiti wa FAST-Forward, wanawake zaidi ya 4,000, grei 26 kwa vipindi 5 tu ndani ya wiki moja, na kwa miaka 5 kansa ilirudi kwa asilimia 1.4, wale wa wiki 3 asilimia 2.1.

Wanaosita lakini wana hoja nzito. Vipindi 5 maana yake grei 5.2 kwa siku badala ya 2, na mpango ukikosewa sehemu fulani ya titi ikazidishiwa, kosa la kila siku ni kubwa. Madhara ya mionzi yanakuja taratibu, titi kukakamaa, au moyo kama ni titi la kushoto, yanaweza kujitokeza miaka mingi mbele, na mama akisharudi Nachingwea nani anamfuatilia? Tena Kanada waliwaacha nje wenye matiti mapana zaidi ya sentimita 25 na ambao kansa ilishafika kwapani, na matokeo yale ya wiki moja yanahusu titi au kifua tu, siyo tezi za kwapani. Wagonjwa wetu wengi wanafika imeshasogea.

Kwa hiyo mimi kwenye wiki 3 sina wasiwasi kabisa, huko ushahidi umekomaa na sioni sababu ya kumweka mama wa Tandahimba Dar wiki 5 kama anafaa kwa vipindi 15. Wiki moja naiunga mkono kwa anayefaa, kansa ya mwanzo, tezi za kwapani hazina kansa, mpango umefanywa kwa picha za CT na mashine inayogawa dozi vizuri, na awe na tarehe za kurudi kuangaliwa. Na familia zijue wiki 1 siyo siku 5 kamili, kuna siku za kupimwa na kupangiwa kabla, kuna foleni, na wanawake wenye umri mdogo mara nyingi wanaongezewa dozi pale uvimbe ulipokuwa. Foleni yenyewe inapungua pia hapa, maana vipindi 25 vya mtu mmoja vinawatosha watu 5 wa vipindi 5, na kwenye hao yumo mama aliyeambiwa asubiri zamu yake huku ameshapasuliwa.