Pointi za supamaketi: usizigeuze maili kabla hujakiona kiti

Kuhamisha pointi za supamaketi kwenda kwenye akaunti ya maili, yaani pointi za shirika la ndege zinazolipia tiketi, ni kununua maili kwa pesa. Wengi hawalioni hilo kwa sababu pointi zimeingia kidogo kidogo huku mtu akinunua sabuni na dawa ya meno, basi zinaonekana ni za bure. Si za bure. Pointi ambayo kesho ingekupunguzia bili pale kaunta ina bei yake, na siku unapoigeuza maili umeilipa bei hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: maili moja nainunua kwa kiasi gani?

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua Australia, ambako mchezo huu umeota mizizi. Pointi 2,000 za Everyday Rewards, mpango wa Woolworths, hukupunguzia dola 10 za Australia za manunuzi au hugeuka pointi 1,000 za shirika la ndege la Qantas. Flybuys, wanaotumiwa na Coles, nao huenda hivyo hivyo: 2,000 kwa dola 10, au pointi 1,000 za Velocity, mpango wa shirika la ndege la Virgin Australia. Maana yake kila pointi ya ndege umeinunua kwa senti 1. Uingereza, Nectar ya supamaketi ya Sainsbury's ilipounganishwa na Avios, pointi za British Airways, Januari 2021, pointi 400 zilitoa Avios 250. Pointi 400 za Nectar ni pauni 2 dukani, kwa hiyo Avios moja iligharimu peni 0.8. Viwango hivi hubadilika, basi soma cha siku unayohamisha, lakini njia ya kukokotoa ni ile ile popote ulipo: thamani ya pointi dukani, gawanya kwa idadi ya maili utakazopewa.

Ukishajua bei ya kununulia, tafuta bei ya kuuzia. Chukua nauli ya tiketi ambayo kweli ungeinunua, toa kodi na tozo utakazolipa hata ukitumia maili, kisha gawanya kwa maili zinazotakiwa. Tuchukue Sydney kwenda Melbourne, safari ya upande mmoja, daraja la kawaida. Tangu Agosti 2025 Qantas wanadai pointi 9,200 kwa kiti cha zawadi, yaani kinacholipiwa kwa maili, kwenye njia hiyo, na kwa bei ya senti 1 hizo ni dola 92 za manunuzi. Tuseme kodi na tozo ni dola 50. Kama siku hiyo tiketi ya kawaida inauzwa dola 120, maili zako zimekuokolea dola 70 tu, yaani chini kidogo ya senti 0.8 kwa pointi. Umenunua kwa 1 ukauza kwa 0.8. Hapo heri ungechukua punguzo dukani. Lakini kama unasafiri keshokutwa na tiketi imepanda hadi dola 320, zinabaki dola 270, karibu senti 3 kwa pointi. Kiti ni kile kile na pointi ni zile zile, ila jibu limegeuka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema maili zina thamani fulani moja, iwe kubwa au ndogo. Thamani iko kwenye safari. Mpango wenye jedwali la viwango visivyopanda na nauli hung'ara pale tiketi za pesa zinapokuwa ghali: dakika za mwisho, misimu ya likizo, njia yenye shirika moja tu. Mpango unaopandisha maili kila nauli inapopanda, kama shirika la Delta la Marekani linavyofanya, hauna faida hiyo. Ukiwa kwenye mpango wa namna hiyo, kugeuza pointi za dukani mara nyingi ni kuzungusha pesa zako mwenyewe na kupoteza kidogo njiani.

Kuna hesabu moja inayopotosha watu wengi, nayo ni ya daraja la biashara. Mtu huona tiketi ya maelfu ya dola, anaigawanya kwa maili, anapata senti 4 au 5, anatangaza kwamba amepiga bao. Lakini je, angeilipa nauli hiyo kutoka mfukoni? Kama jibu ni hapana, kiti hicho hakina thamani ya nauli iliyoandikwa. Thamani yake kwako ni kiasi ambacho ungekubali kukitoa, labda nauli ya daraja la kawaida na nyongeza kidogo kwa ajili ya kulala ukiwa umenyoosha miguu. Weka tarakimu hiyo kwenye hesabu, ile ya kwenye tovuti iache.

Na tuwe wakweli kuhusu wingi. Sydney kwenda London kwa daraja la biashara la Qantas sasa ni pointi 166,300 upande mmoja. Kwa kiwango cha kawaida cha pointi 1 kwa dola 1, kisha nusu yake kugeuka pointi za ndege, ungehitaji kununua vitu vya dola 332,600. Hakuna kaya inayofika huko kwa manunuzi ya nyumbani peke yake. Kinachojaza akaunti ni ofa za pointi za ziada unazoziamilisha kwenye programu ya simu kabla ya kwenda dukani. Pointi za supamaketi ni za kujazia pengo: una 150,000 kutoka kwingine, umepungukiwa 16,300, na kiti unakiona mbele yako. Hapo hata senti 1 kwa pointi ni bei nzuri, kwa sababu zile chache za mwisho ndizo zinazofungua zote zilizotangulia.

Kuhusu kiti chenyewe, sisitizo langu ni kwamba kionekane kwanza. Viti vya zawadi hutolewa vichache kwa kila ndege, na ndege inaweza kuwa na nafasi tele za kulipia bila hata kimoja cha maili. Tafuta kwenye tovuti ya shirika ukiwa umechagua kulipa kwa maili, tarehe zako halisi, idadi halisi ya abiria, kwenda na kurudi. Endelea mpaka ukurasa wa malipo ili uone kodi na tozo. Baadhi ya mashirika huongeza tozo yao wenyewe juu ya kodi za serikali na za uwanja wa ndege, na kwenye safari ndefu tozo hiyo inaweza kumeza faida yote. Kosa la kawaida ni kulinganisha maili za upande mmoja na nauli ya kwenda na kurudi. Lingine ni kusahau kwamba tiketi ya pesa nayo ingekupa maili, wakati ya zawadi kwa kawaida haikupi. Kwa upande mwingine, tiketi nyingi za zawadi hufutwa kwa ada ndogo na maili kurudi, jambo ambalo tiketi ya pesa ya bei ya chini mara nyingi haikuruhusu. Kama tarehe zako zinayumba, hilo lina uzito.

Kuhamisha kwenyewe hukwama mahali pale pale. Jina kwenye akaunti ya dukani lazima lifanane na la akaunti ya ndege: herufi ya kwanza upande mmoja na jina kamili upande wa pili inatosha kukataliwa. Unganisha akaunti mapema na uhamishe kiwango cha chini kabisa kama jaribio, ili ujue zinafika kwa dakika au kwa siku. Zikichukua siku tatu, kiti ulichokiona asubuhi kinaweza kuwa cha mtu mwingine. Uliza pia kama shirika linakubali kukushikia nafasi. Na jua kama mlango wa kurudi upo: Avios ziliwekwa tangu mwanzo ziweze kurudi Nectar, lakini mipango mingi ikishapokea haitoi.

Nyongeza za kuhamisha hubadilisha hesabu kidogo. Flybuys na Velocity zimewahi kutoa asilimia 15 zaidi, ambapo 2,000 zinazaa 1,150 na bei inashuka hadi senti 0.87. Nzuri kwa aliyekwisha kuona kiti. Kwa asiye na safari haitoshi kuwa sababu, maana mashirika hupandisha viwango. Njia ile ya Sydney na Melbourne ilikuwa pointi 8,000 kabla ya kuwa 9,200: bei ilipanda asilimia 15 kwa tangazo moja, na aliyelimbikiza hakuwa na la kufanya. Vocha ya dukani ya dola 10 bado inalipa dola 10.

Kwa sababu hiyo, fungua mipangilio ya akaunti yako leo. Kwenye Everyday Rewards, ukichagua pointi za Qantas, kila zikifika 2,000 huhama zenyewe bila kukuuliza. Zima hiyo kama huna safari. Na kama tayari maili zimekaa upande wa pili, ziweke hai: Qantas huzifuta baada ya miezi 18 bila shughuli yoyote, Velocity baada ya 24, Avios baada ya 36. Uhamisho mdogo tu kutoka dukani huhesabika kuwa shughuli, na kwa kazi hiyo kiwango cha chini kabisa kinatosha.