Hamieni Kisiwani, Mtuachie Nairobi Yetu

Mvua ikinyesha robo saa tu Nairobi, nauli ya Rongai inaruka maradufu, barabara ya Thika inakwama, na ndani ya matatu hakosekani mmoja wa kutangaza kwa sauti: "Mimi huu mji umenichosha. Natafuta kakisiwa kadogo, mbali, nikalime viazi na kuvua samaki kwa amani." Abiria wote wanaguna kumuunga mkono. Hakuna hata mmoja wa kumuuliza kisiwa gani, na unafika huko kwa gari la kutoka wapi.

Haya, tumsindikize. Kama ni umbali anaoutaka, aende Tristan da Cunha, kusini mwa Atlantiki, eneo la ng'ambo la Uingereza. Jirani wa karibu mwenye watu ni kisiwa cha St Helena, kilomita zaidi ya 2,400. Cape Town ni kama 2,800. Kijiji ni kimoja, kinaitwa Edinburgh of the Seven Seas, na watu wake hawafiki 250. Kuna ghorofa mtaa wa Pipeline zinazobeba watu zaidi ya hao, na bado keateka anasema vyumba vipo.

Uwanja wa ndege hakuna. Kwanza unaandikia Baraza la Kisiwa kuomba ruhusa: unakuja kufanya nini, utakaa muda gani, utarudi vipi. Habari za "niko njiani, nimefika hapo stendi" huko hazina kazi. Ukikubaliwa unangojea meli Cape Town. Safari za mwaka mzima ni chache, na meli za uvuvi zinazosaidia kubeba watu zina nafasi za abiria 12 hivi. Nafasi zenyewe zina foleni: mgonjwa anayesafiri kwa matibabu yuko mbele yako, mwenyeji anayerudi kwao pia yuko mbele yako. Wewe mtafuta amani uko mkiani.

Majini ni siku sita au saba, bahari ikiwa na utu. Na ukifika, ndugu yangu, bado hujafika. Bandari yao ni ndogo, meli haiwezi kuingia. Inatia nanga nje, wewe unateremka kwa ngazi ya kamba kuelekea boti ambayo wimbi linaipandisha na kuishusha. Ukiachia mapema, unaanguka. Ukichelewa, boti imeshashuka tena chini yako mita mbili. Makanga wetu na ule wimbo wake wa "shuka na mguu wa kushoto" gari likitembea, kumbe alikuwa anatupa mafunzo bure. Wimbi likikataa kabisa, meli inakaa hapo siku kadhaa inangoja, na meli za watalii huwa zinakitazama kisiwa kwa mbali na kwenda zao.

Tuseme umeshuka mzima. Swali la kwanza la Mkenya nalijua: ploti ya hamsini kwa mia ni pesa ngapi? Haiuzwi! Ardhi ni ya wote. William Glass na wenzake walipoanzisha makazi hayo, baada ya jeshi la Uingereza kuondoka mwaka 1817, walikubaliana kwa maandishi kwamba hakuna mkubwa na mali itagawanywa sawa. Mpaka leo mgeni hanunui ardhi wala hahamii moja kwa moja. Broka hakuna. Bango la "dakika tano kutoka barabara ya lami" hakuna. Hata ng'ombe na kondoo wana kikomo kwa kila familia, kwa sababu mbili: malisho yasiishe, na mtu mmoja asitajirike akawaacha wenzake nyuma. Hiyo sababu ya pili ndiyo inayomtoa Mnairobi jasho. Amani anaitaka, lakini amani ya kuwapita majirani.

Viazi vipo, hapo sibishi. Mashamba yako kilomita kama tatu kutoka kijijini, mwisho wa barabara yao moja, na kila kipande kimezungushiwa ukuta wa mawe ya volkano. Huo ukuta si urembo. Bila huo ukuta ng'ombe wanaingia, na upepo wa bahari unapiga majani mpaka yanalala. Ukivuna ni vyako vya kula mwaka mzima. Utamuuzia nani, na kila mtu ana gunia lake? Viazi vimewahi hata kuwa bei: stempu iliyobuniwa mwaka 1946 iliandikwa peni moja, na pia viazi vinne. Mwuza chipsi wa mtaani kwetu angekuwa gavana wa benki kuu.

Pesa yenyewe inatoka kwa kamba mawe, yaani lobsta. Siku bahari ikitulia, alfajiri kengele ya chuma inagongwa, na anayefanya kazi ofisini anaacha kalamu anaingia kwenye boti, kwa sababu siku za namna hiyo ni za kuhesabu. Mitego inashushwa, nyavu zinashushwa, jioni kiwandani watu wanasafisha na kugandisha mpaka usiku. Mzigo unauzwa nje ya nchi. Hiyo ndiyo bajeti, pamoja na stempu na sarafu za kuwauzia wakusanyaji. Kiwanda ndicho kilichokuwa na jenereta za kulisha kijiji. Februari 2008 kiliungua, na jenereta zikaenda nacho. Sisi stima ikipotea tunachungulia dirishani kuona kama jirani pia ameguswa. Huko ukichungulia, jirani ndiye nchi.

Vifurushi je? Mpaka mwaka 2005 hawakuwa na nambari ya posta ya Uingereza, na barua zilikuwa zinapotelea Edinburgh ya Scotland. Sasa wana TDCU 1ZZ, nchi nzima nambari moja. Sisi tunaoelekeza bodaboda "pita kanisa, geti nyeusi, ukiona mama wa mahindi umepitiliza" hatuna ruhusa ya kuwacheka.

Na msiniambie wanaishi huko kwa kukosa pa kwenda. Oktoba 1961 volkano ililipuka pembeni ya kijiji, wakahamishwa wote hadi Uingereza. Wakapewa nyumba, kazi, televisheni, mabasi, mafua, na wezi pia. Mwaka 1962 wakapiga kura: 148 warudi, watano wabaki. Mwaka uliofuata wengi wao wakapanda meli kurudi.

Shida ni kwamba wanapungua. Shule yao, St Mary's, inamfikisha mtoto umri wa miaka kumi na sita hivi, halafu anayetaka kusoma zaidi lazima aondoke, na si wote wanaorudi. Wazee wanaongezeka, mikono ya kuvuta boti inapungua. Majina ya ukoo ya zamani ni saba tu, kwa hiyo ukienda kuposa huulizi huyu ni wa ukoo gani, unauliza tumeachana wapi. Pumu nayo imewashika wengi, kwa kuwa wote wametokana na watu wachache.

Mwenye nia ya kweli njia ipo. Nafasi za kazi za mkataba hutangazwa: daktari, mwalimu, fundi. Unakaa muda wako, unafanya kazi, unapisha mwingine. Nimeangalia na kuangalia, nafasi ya broka wa ploti sijaiona.