Crouching Tiger, Hidden Dragon: mapenzi yanaichelewesha ngumi?

Robo saa ya mwanzo hakuna anayerusha hata teke. Watu wanakunywa chai, wanakabidhiana upanga, wanaulizana hali. Kwa aliyekulia kwenye mabanda ya video, ambako stelingi hujulikana kwa kipigo cha kwanza, filamu hii ya Ang Lee ya mwaka 2000 inampoteza hapohapo. Ila bila chai ile, pambano la uani lingebaki kelele za vyuma tu.

Litazame kwa makini. Yu Shu Lien (Michelle Yeoh) anapigana na Jen (Zhang Ziyi), binti aliyekuwa akimwita dada. Jen ameshika upanga wa wizi unaokata chuma. Shu Lien anachukua mkuki, panga pacha, panga za ndoano; silaha zinamkatikia mkononi moja baada ya nyingine. Kuna moja nzito anayoinyanyua, ikamlemea na kumwangusha. Mwisho anamwekea Jen kipande cha upanga shingoni, na hamkati. Jen anamlipa kwa kumchana mkono. Usaliti wote huo Yuen Wo-ping, aliyepanga mapigano, kaueleza kwa mikono na miguu.

Wasioipenda filamu wana hoja, na ya kwanza ni waya wa kuwarusha waigizaji hewani. Mwigizaji hufungwa mkanda kiunoni, na lazima akunje goti na kujisukuma kabla hajavutwa. Akivutwa mapema, anaonekana ameanikwa kama nguo kambani. Kompyuta inafuta waya, kosa hilo haiwezi. Kwenye mbio za juu ya mapaa, nyayo zinagusa vigae bila uzito, na ngoma za Tan Dun, mtunzi wa muziki wa filamu, ndizo zinazolificha kosa hilo. Kwenye mianzi mambo yanageuka: tawi likiyumba, mwili una sababu ya kuelea. Li Mu Bai (Chow Yun-fat), stelingi mwenyewe, ametulia juu ya tawi, Jen anahangaika kulishika, na hapo ushajua nani mwalimu.

Hoja ya lafudhi ni nzito zaidi. Chow ni wa Hong Kong, Yeoh ni wa Malaysia, na Kimandarini chao, Kichina kinachosemwa kwenye filamu, kiliwakera wengi China. Sisi tunaosoma maandishi chini ya kioo hatukusikia kitu, wala walioipa filamu tuzo 4 za Oscar. Kwa hiyo anayesema mapenzi ya Li Mu Bai na Shu Lien hayamgusi huenda kasikia tusichosikia.

Kisa cha jangwani, Jen na jambazi Lo, sikitetei. Ni kirefu, na kinaingia katikati wakati upanga ndio unasakwa.

Halafu stelingi anakufa. Li Mu Bai anazipangua sindano za Jade Fox, mwanamke aliyemuua mwalimu wake, ila moja yenye sumu inampenya shingoni. Dawa inachelewa. Shu Lien anamsihi aitunze pumzi iliyobaki. Yeye anaitumia kumwambia kwamba amempenda miaka yote hiyo.