Ganzi ya vidole si deko

Asubuhi ya Julai kule Makete maji ya bomba yanauma hata mkono mzima. Kwa aliyetoka kutundikiwa dripu ya oksaliplatini, dawa ya saratani ya utumbo mpana, kuyagusa ni kama kushika waya wa umeme, na akiyanywa koo linakaba. Akilalamika, ndugu humwambia: bora ganzi kuliko kaburi.

Siibezi kauli hiyo. Wengi hufika hospitali wamechelewa, na anayekatisha tiba kwa sababu ya vidole saratani haimsubiri. Muuguzi aliyeona wagonjwa wakitoweka ana haki ya kuhofu.

Ila kusema una ganzi si kuacha tiba, na hapo ndipo tunawaonea wagonjwa. Mchuma chai wa Rungwe au Mufindi hukata majani mawili na chipukizi kwa ncha za vidole. Mkulima wa viazi wa Njombe asiyehisi nyayo huchomwa na kisiki asijue, akaja kuiona damu jioni anapovua buti. Ule mshtuko wa baridi hupita baada ya siku chache. Ganzi inayotokana na dozi kulimbikizana ndiyo hung'ang'ania, na huweza kuendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Dawa ya duloksetini huwatuliza baadhi maumivu, lakini hisia hairudishi.

Kuna hesabu isiyonitoka kichwani. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya IDEA, utafiti kuhusu muda wa tiba hii: wagonjwa 12,834 wa saratani ya utumbo mpana ya hatua ya tatu, yaani iliyofika kwenye tezi za limfu za jirani, wote wamekwisha kupasuliwa, wengine wakapewa dawa miezi 3, wengine 6. Kwa waliochanganyiwa oksaliplatini na vidonge vya kapesitabini, madhara ya neva ya kiwango cha kati na zaidi yaliwapata asilimia 15 ya wale wa miezi 3, na asilimia 45 ya wale wa miezi 6. Mara tatu! Na waliokuwa hai bila saratani kurudi baada ya miaka 3, kwa wagonjwa wote? Asilimia 74.6 kwa miezi 3 dhidi ya 75.5 kwa miezi 6.

Kweli, watafiti hawakusema miezi 3 inamtosha kila mtu. Uvimbe ukiwa umepenya sana au tezi nyingi zimeathirika, miezi 6 ilikuwa na nafuu kidogo. Basi mgonjwa aambiwe yeye yuko kundi gani. Na kabla ya kila dripu aulizwe jambo dogo tu: leo umefunga vifungo vya shati mwenyewe, au umefungiwa?