Madini ya risasi ya Vernon: kwa nini mwenye ua ndiye anayeulizwa ilitoka wapi?

Tangu kiwanda cha Exide cha kuyeyusha betri kuukuu kifungwe huko Vernon, kusini mashariki mwa Los Angeles, mwaka 2015, kuna hoja ambayo haijazimika: si risasi yote iliyomo kwenye udongo wa majirani ilitoka kiwandani. Nyumba za mitaa jirani kama Boyle Heights na Maywood ni za zamani, zilipakwa rangi yenye risasi, na kandokando yake zilipita gari za enzi ya petroli yenye risasi. Hoja hiyo ina ukweli. Tena kuyeyusha betri kuukuu kuna faida, maana ikikosa pa kwenda huishia jalalani. Na fedha za usafishaji, zaidi ya dola milioni 700, zinatoka kwa walipa kodi wa California, ambao wana haki ya kuuliza wanasafisha uchafu wa nani.

Lakini swali hilo limemwangukia asiyehusika. Wakazi wa mitaa hii, wengi wao Walatino wa kipato cha chini, hawakukipa kiwanda kibali. Idara ya jimbo inayodhibiti vitu vya sumu ndiyo iliyokiacha kifanye kazi kwa kibali cha muda kwa miaka zaidi ya 30. Mwaka 2013 mamlaka ya ubora wa hewa ilisema arseniki ya kiwanda imeongeza hatari ya saratani kwa watu wapatao 110,000. Miaka miwili baadaye kampuni ilikiri makosa ya jinai kuhusu taka za sumu, na ili isishtakiwe ikakubali kufunga kiwanda moja kwa moja na kugharamia usafishaji. Kisha, Oktoba 2020, mahakama ya ufilisi huko Delaware, upande wa pili wa Marekani, ikairuhusu kukitelekeza kiwanja.

Hapo mimi hukwama kila mara. Kampuni iliepuka mashtaka kwa ahadi, halafu ikaondolewa ahadi yenyewe. Aliyebaki ni mzazi ambaye mwanawe anachezea udongo uleule, na hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto.

Hata usafishaji wenyewe ulipimwa kwa kamba ya mipaka. Mafundi walichimba ua, wakaondoa udongo, wakamwaga mpya. Ule ukanda wa udongo ulio kati ya njia ya miguu na barabara mwanzoni wakauacha, eti si sehemu ya kiwanja cha nyumba. Watoto hawaujui mpaka huo. Wanaukanyaga wakienda shule na kurudi na vumbi lake hadi sebuleni. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu walipopima udongo wa nyumba zilizokwisha kusafishwa, nyingi zilikutwa bado zimepita kiwango cha jimbo cha sehemu 80 za risasi kwa kila sehemu milioni za udongo.

Mombasa tunaijua kesi ya namna hii. Wakazi wa Owino Uhuru, walioishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Kilicho muhimu kwangu ni kwamba taasisi za serikali zilizotakiwa kukisimamia kiwanda nazo zilibebeshwa sehemu ya lawama. California ingeanzia hapo: idara inayotoa kibali cha sumu idai kwanza dhamana ya kutosha kusafisha mtaa mzima, na isipodai, ilipe yenyewe bila kumhoji mwenye nyumba kuhusu rangi ya kuta zake.